Foleni ya Kitabu cha Kumi na Mbili

Habari ile Fundi Miwani aliipata kinywani mwa mzee mmoja aliyeshindwa kusoma herufi za mstari wa tatu.

"Soma tena, baba," alimwambia huku akimbadilishia kioo. "Taratibu tu. Hakuna anayekukimbiza."

"Wananikimbiza, binti yangu. Ngome ya Chumvi imerudi, kitabu kinatoka Jumamosi, na mimi hata jina langu kwenye bili ya maji silioni!"

Kioo kilimponyoka mkononi, kikadunda juu ya meza. Bahati yake hakikuvunjika.

"Imerudi nini?"

"Kitabu cha kumi na mbili! Miaka tisa mwandishi kimya, kama aliyemwagiwa maji. Wengine wakasema kafa, wengine kaokoka kaacha mambo ya dunia. Kumbe yuko anaandika. Jumamosi saa tatu asubuhi, duka la vitabu lile linalotazamana na posta. Kwa hiyo miwani yangu naitaka Ijumaa, usinipige kalenda."

Fundi Miwani alipiga ukelele. Mwanamke wa miaka thelathini na miwili, koti jeupe limenyooshwa pasi, kalamu kifuani, alimkumbatia yule mzee na kiti chake hadi tajiri wake akachungulia kutoka kwenye mashine ya kusagia vioo kuuliza nani kaumia.

Asiyekijua kitabu hicho angeona ni wazimu. Ni hadithi ya zamani za kale, za malkia na misafara ya chumvi. Binti wa mbeba mizigo anajifunza kuandika kwa siri mpaka anakuwa mwandishi wa malkia, anampenda mlinda lango asiye na ukoo wala mali. Baba yake Fundi Miwani, wakili mwenye sauti nzito, alianza kumsomea alipokuwa na miaka kumi na mmoja. Kila kitabu kipya kilipotoka walikinyang'anyana kama watoto wanaogombea embe. Kitabu cha kumi na moja kiliishia mlinda lango akitumbukia mtoni, mkuki umezama begani. Basi. Nukta. Mwandishi akapotea. Baba akaugua, akawa anamwambia kitandani, "Hajafa yule. Mtu wa namna ile hafi majini." Akaenda zake bila kujua.

Mzee alipotoka, furaha ilikuwa bado inamchemka Fundi Miwani. Mkono ulikwenda wenyewe mfukoni, ukatoa simu, kidole gumba kikalitafuta jina la mtu wa kwanza anayestahili kuambiwa. Kidole kilipofika juu ya jina, kikaganda.

Wiki tatu na siku mbili hawajasemeshana. Na kosa lilikuwa lake, lake peke yake. Hakuwa na pa kulitua.

* * *

Jina lenyewe kwenye simu lilikuwa Gundi. Ndivyo alivyoitwa na wote waliomjua, kwa kuwa alikuwa fundi wa kujalidi vitabu katika chumba cha chini cha maktaba kuu, na vidole vyake vilinukia gundi hata akioga mara mbili. Alikuwa mrefu, mpole, mwenye shingo iliyozoea kuinama. Walijuana miaka miwili nyuma, Fundi Miwani alipompelekea kitabu cha tatu cha Ngome ya Chumvi kikiwa kimeachana na jalada lake. Gundi alikipokea kwa mikono miwili, akakitazama kama daktari.

"Kavunjika mgongo huyu," alisema. "Alianguka, au alipendwa sana?"

"Alipendwa," alijibu yeye, akajikuta anatazama pembeni kama msichana wa shule.

Tangu hapo mambo yalijiendea. Chakula cha mchana kwenye ngazi za maktaba. Ubishi usiokwisha kuhusu mlinda lango. Mkono ndani ya mkono. Lakini nyumbani hakusema kitu. Mama yake alikuwa mwalimu mkuu mstaafu ambaye mpaka leo wanaume wenye mvi humpisha njia. Shangazi yake, dada wa marehemu baba, alikuwa na saluni kubwa na mdomo mkubwa zaidi. "Binti wa wakili," shangazi alikuwa akisema, "haendi kwa mtu ambaye akiulizwa kazi anaonyesha vidole." Kwa hiyo kila mwezi Fundi Miwani alijiambia mwezi ujao. Gundi hakumsukuma. Aliuliza mara moja tu: "Unanionea haya?" Naye aliapa kwa kaburi la baba yake kwamba hapana.

Ikafika ile Jumapili. Mama alikuwa anatimiza miaka sitini, sebule imejaa wageni, vikombe vizuri vimetolewa kabatini. Kengele ikalia. Shangazi ndiye aliyefungua. Mlangoni alisimama Gundi na aproni yake ya kazi, amekumbatia kasha la mbao. Vitabu vyote kumi na moja vya marehemu, ambavyo Fundi Miwani alimpa avishikize tu visiachane, alikuwa amevijalidi upya kwa kitambaa cha kijani kibichi, herufi za dhahabu mgongoni. Alitaka kumfurahisha. Hakujua kuna wageni.

"Wewe nani?" shangazi akauliza.

Gundi alimtazama Fundi Miwani. Sebule nzima ikageuka, ikamtazama yeye.

Miaka miwili alikuwa ameyapanga maneno ya siku hiyo. Mdomo ulipofunguka, yaliyotoka yalikuwa mengine.

"Ni fundi tu, shangazi. Kaleta kazi."

Alimwona Gundi akilipokea neno lile. Halikumchukua muda. Aliinamisha kichwa kidogo, akasema kwa adabu, "Ndiyo, mama. Nimeleta kazi."

"Basi zungukia mlango wa jikoni. Hapa kuna watu."

Akazunguka. Fundi Miwani alisikia mlango wa jikoni ukifunguliwa, kasha likiwekwa chini polepole, mlango ukifungwa. Na yeye wakati huo alifanya nini? Alimimina chai. Alimimina kikombe kimoja, cha pili, cha tatu, akauliza nani ana sukari nani hana. Hilo ndilo lililomtafuna wiki tatu zote, kuliko hata uongo wenyewe. Kwamba mkono wake haukutetemeka.

* * *

Jumamosi alifika saa mbili kasoro, akakuta foleni imeshapinda kona ya duka.

Na ilikuwa foleni ya furaha. Watu walikuja na vitabu vyao vya zamani vifuani, vingine vimeshonwa kwa uzi, vingine vimevimba kwa maji ya mvua. Akina mama wawili waliokuwa hawajuani walikuwa wameshashikana mikono wakibishana kama mlinda lango anaweza kuogelea. Yule mzee wa herufi za mstari wa tatu alimpungia mkono, miwani mpya ikimeta.

"Naona mpaka vumbi, binti yangu!"

Fundi Miwani alicheka. Kwa dakika tano alikuwa na miaka kumi na mmoja, na kama baba yake angetokeza kona ile akiwa na mwavuli wake, asingeshangaa.

Ndipo akaiona shingo. Watu wanne mbele yake, shingo ndefu iliyoinama, shati safi la bluu, mikono nyuma. Uso ulimwaka moto. Wazo la kwanza lilikuwa kuondoka. La pili lilikuwa kujificha nyuma ya mama mmoja mnene, na kweli alishaanza kujibana pale, aibu juu ya aibu, mama yule alipogeuka akasema kwa sauti ya sokoni:

"Dada, mbona unanifuata kama mkia? Kama unamkwepa mtu sema, nisimame vizuri."

Watu wakacheka. Gundi akageuka.

Walitazamana. Hakukuwa na hasira machoni mwake, na afadhali ingekuwepo. Kulikuwa na adabu. Adabu ileile aliyompa shangazi mlangoni.

"Habari za asubuhi," alisema.

"Salama." Fundi Miwani aliiacha nafasi yake, akasogea hadi ubavuni kwake. "Niliposikia kimerudi, mtu wa kwanza niliyetaka kumwambia ni wewe."

"Hukuniambia."

"Sikuwa na uso wa kukupigia."

"Wiki tatu nimesubiri upige bila uso." Alisema hivyo kwa sauti ya chini, akitazama mlango wa duka. "Sikutaka maelezo marefu. Nilitaka useme, nimekosa. Neno moja."

"Nimekosa."

"Leo. Kwa kuwa tumegongana."

Ni kweli, kama kitabu kisingerudi, angekuwa bado anaandika ujumbe na kuufuta.

"Unajua kilichoniuma?" Gundi aliendelea. "Si kuitwa fundi. Mimi ni fundi, na kazi yangu naipenda. Ni ile 'tu.'"

Kabla Fundi Miwani hajafumbua mdomo, mlango wa duka ulifunguliwa nusu, mwenye duka akatoa kichwa kuhesabu watu. Macho yake yalipita foleni yote, yakarudi, yakatoka pima. Mwanamume yule wa miaka hamsini, tumbo mbele, alisimama wima kama yuko mstarini shuleni.

"Mwalimu Mkuu! Shikamoo, Mwalimu!"

Foleni nzima ikageuka. Nyuma kabisa, mtandio umeshushwa hadi kwenye nyusi, miwani ya jua usoni ingawa jua lilikuwa halijawa kali, alisimama mama yake.

"Marahaba," alijibu mama kwa mkazo. "Endelea na kazi yako. Mimi nimekuja kununua bahasha."

"Bahasha ziko posta, Mwalimu, hapo ng'ambo. Hapa leo ni Ngome ya Chumvi tu."

Kicheko kilipita kama upepo. Na kwenye mkoba wa mama, wazi kabisa, mgongo wa kijani wenye herufi za dhahabu ulikuwa umechomoza.

Fundi Miwani alimwendea bila kujua miguu imeanzaje. Mama huyu ndiye aliyeviita vitabu hivyo porojo za watu wasio na kazi. Ndiye aliyekuwa akimzimia baba taa.

"Mama? Wewe?"

Mama alivua miwani ya jua. Macho yake yalikuwa ya mtu aliyefumaniwa.

"Usinitazame hivyo. Nilifungua kimoja tu. Baba yako alikuwa anacheka peke yake na mimi nimelala pembeni, miaka yote, sikuwahi kumuuliza anacheka nini. Nikataka nijue." Alimeza mate. "Nimevisoma vyote kumi na moja. Nilichelewa. Angekuwepo tungecheka wote."

Kisha akakitoa kitabu mkobani, akakifungua katikati. Pembeni mwa ukurasa kulikuwa na maandishi ya penseli, mwandiko wa baba, na ukingo wa karatasi ulikuwa umekunjwa ndani kwa uangalifu.

"Umewahi kuangalia kazi hii?" mama akauliza. "Mimi nimekaa na vitabu vya shule miaka thelathini na tano, najua. Fundi akijalidi upya, anapiga kisu pembeni ili kurasa zikae sawa. Huyu, kila ukurasa wenye neno la baba yako kaukunja ndani kwanza, kisu kisiuguse. Mia mbili na kumi na tatu, nimezihesabu. Sasa niambie, mwanangu. Hiyo ni kazi ya mtu aliyeagizwa tu?"

Fundi Miwani alikuwa hajaviangalia. Kasha lilipoingia jikoni siku ile, yeye hakuthubutu hata kulifungua. Aliitazama mikunjo ile, mmoja baada ya mwingine, mpaka herufi zikaanza kuogelea.

"Mtu mwenyewe ni yule pale?" mama akauliza. "Mwenye shati la bluu?"

Swali lilikuwa lilelile la siku ile mlangoni, na safari hii waliosikiliza walikuwa foleni nzima.

"Ndiye, mama." Sauti ilikatika, akaianza upya, kubwa zaidi. "Ni fundi, na ndiye ninayempenda. Mwaka wa pili sasa. Siku ile nilimkana mbele yako kwa kuwa niliogopa mtanicheka."

Wale mama wawili wa ubishi wa kuogelea waliachiana mikono. Gundi alikuja hadi waliposimama, masikio yamemwiva.

"Mimi sikuomba nitangazwe barabarani," alimwambia. "Hapa ni rahisi. Hawa hawakujui, kesho watakusahau."

Mama alimgeukia. Wengi katika foleni ile walikuwa wamepita mikononi mwake, na hakuna aliyewahi kumwona akifanya alichofanya sasa. Aliinamisha kichwa.

"Mwanangu, mimi pia nina deni kwako," alisema. "Nilikuwa nimekaa pale pale. Nilimwona binti yangu alivyobadilika rangi, nikajua kuna jambo. Lakini nilikuwa na wageni, nikaona bora upite jikoni kuliko mimi niulizwe maswali. Mtu mzima kama mimi. Nisamehe."

"Usiseme hivyo, mama," Gundi alibabaika, hajui mikono aiweke wapi. "Yameisha, mama. Mimi na wewe yameisha kabisa."

"Na mimi?" Fundi Miwani akauliza.

Gundi alimgeukia. "Mama alinyamaza. Wewe ulifungua mdomo."

Mlango wa duka ulifunguliwa wote. Watu wakaanza kusukumana kwa shangwe, yule mzee akiwa mbele kama kijana. Baada ya miaka tisa, kitabu kilikuwa hatua thelathini kutoka waliposimama.

Fundi Miwani aligeuka, akaanza kutembea upande mwingine.

"Unakwenda wapi?" mama alimwita. "Vitaisha!"

"Kwa shangazi."

* * *

Jumamosi saluni ya shangazi huwa haina pa kutemea mate. Wanawake saba walikuwemo, wawili chini ya mashine za joto, mmoja kichwa kizima kimepakwa rangi. Shangazi alikuwa na kitana mdomoni.

"Shangazi, yule mtu uliyempitisha jikoni ni mchumba wangu."

Kitana kilianguka.

"Yule wa aproni?"

"Yule. Nilikudanganya. Ningesema ukweli usingemfukuza mlangoni, kwa hiyo lawama ni zangu, usijilaumu."

"Nani kakuambia najilaumu?" Shangazi aliweka mikono kiunoni. "Kaka yangu kakusomesha uje uolewe na mtu wa kupaka gundi?"

"Afadhali wa gundi," alisema mwanamke wa rangi kichwani bila kufungua macho. "Wangu mimi hata ukimpigilia misumari hakai nyumbani."

Saluni ikaangua kicheko. Shangazi hakucheka.

"Kwangu asikanyage," alisema.

"Sawa, shangazi. Nimekuja kusema, sikuja kuomba ruhusa."

Alitoka. Alidhani atajisikia mwepesi, kama watu wanavyosimulia, lakini haikuwa hivyo. Njiani machozi yalimtoka kwa sababu aliitazama saa na kuona kwamba jambo zima lilichukua dakika mbili. Dakika mbili alizomnyima mwanaume yule kwa miaka miwili. Na shangazi alikuwa bado shangazi yake, na kila shughuli ya ukoo kuanzia leo ingekuwa na minong'ono. Alijifuta uso kwa mkono wa blauzi, akaendelea kutembea.

Aliporudi, foleni ilikuwa imekwisha. Mlangoni mwa duka kulikuwa na karatasi imebandikwa: VIMEKWISHA. Kwenye benchi la nje walikaa watu wawili, kitabu kipya kimefunguliwa kati yao. Mama alikuwa anasoma kwa sauti ya darasani, kidole juu ya mstari. Gundi alikuwa ameinama kusikiliza.

"Hapo, mama, hapo," alimkatiza. "'Mtu aliyefunikwa blanketi.' Ni yeye huyo. Nilisema mimi hajafa."

"Blanketi linaweza kufunika mtu yeyote, kijana. Usiruke mbele. Ndiyo maana wanafunzi wanafeli."

Fundi Miwani alisimama pembeni, hakuthubutu kusogea. Gundi ndiye aliyeinua macho. Aliuona uso wenye machozi, akaifuata kwa macho njia aliyotokea, akaelewa.

"Umesema?"

"Nimesema."

"Mbele ya watu?"

"Saba. Mmoja ana rangi kichwani. Anakuunga mkono."

Alijaribu kuzuia tabasamu, likamshinda upande mmoja wa mdomo. Kisha likaondoka, akabaki anamtazama kwa macho yaleyale ya siku alipopokea kitabu kilichovunjika mgongo, anakipima kama kitashikika.

"Bado nimeumia," alisema.

"Najua."

"Sijui nitaumia mpaka lini."

"Nitakuwepo."

Gundi alisogea, akaacha nafasi kwenye benchi. Si kubwa, ya kukaa mtu mmoja akijibana. Alikaa. Bega lake liligusa bega la Gundi, naye Gundi hakulivuta.

"Mmemaliza?" mama akauliza bila kuinua macho. "Mwenzetu alichelewa. Itabidi nianze upya."

Akarudi ukurasa wa kwanza.